Kufundisha Uainishaji wa Mimea kwa Kutumia Kivumbasi

Somo la uainishaji wa mimea huwachosha wanafunzi wengi wa shule za msingi kwa sababu hufundishwa kwa majina matupu ubaoni. Mwalimu atakayepangiwa shule ya Karatu au Ngorongoro hana haja ya kufundisha hivyo. Jenasi ya Ocimum, yenye rehani na kivumbasi, inatosha kuwa kifaa chake cha kufundishia.

Mahali pa jenasi hii

Jina Ocimum liliwekwa katika utaratibu wa kitaalamu na Linnaeus mwaka 1753. Jenasi hii imo katika familia ya Lamiaceae pamoja na mnanaa. Spishi tatu zinafaa kutajwa darasani: rehani (Ocimum basilicum), kivumbasi (Ocimum gratissimum), na Ocimum kilimandscharicum, iliyopewa jina la Mlima Kilimanjaro, ambayo majani yake hunukia kafuri. Vitabu vya zamani hukiita kivumbasi Ocimum suave. Siku hizi wataalamu wengi huviona hivyo viwili kuwa spishi moja. Wanafunzi waelezwe kwamba uainishaji hurekebishwa kila ushahidi unapoongezeka.

Hatua za somo

1. Mwalimu achume matawi yenye maua na mbegu kando ya uwanja wa shule au shambani. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, mimea itazamwe tu, isichumwe.

2. Kila mwanafunzi ataje jina la mmea katika lugha ya kwao, iwe Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga. Majina yote yaandikwe ubaoni. Mtoto ambaye jina la kwao limedharauliwa hatasema tena alijualo.

3. Wanafunzi wapapase shina: lina pembe nne. Watazame majani: yameota mawili mawili yakikabiliana. Watazame ua: lina midomo miwili. Mwisho wafungue kikombe cha ua kilichokauka: ndani mna vijikokwa vinne.

4. Mwalimu alete tawi la lantana (Lantana camara), kichaka kilichotoka Amerika ya kitropiki na kuenea sana nchini. Nacho kina shina la pembe nne, majani yanayokabiliana na harufu kali, lakini ni cha familia nyingine, Verbenaceae. Wanafunzi watafute tofauti wenyewe. Wataiona katika tunda: la lantana ni la nyama, na likiiva huwa jeusi.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Lantana huwadhuru ng'ombe wanaoila, na mtoto anayetambua mimea kwa harufu peke yake aweza kupeleka nyumbani tawi lisilo lenyewe. Hapo uainishaji si mapambo ya mtihani, bali ni kinga. Kwa sababu hiyo pia, wanafunzi wasiruhusiwe kuonja mmea wowote wakati wa somo.

Matumizi

Majani ya rehani hutiwa katika chakula, na mbegu zake zikilowekwa huvimba na kuwa na utelezi. Majani ya kivumbasi huchanganywa na nafaka au maharage ghalani ili kuzuia wadudu, na huchomwa ili moshi ufukuze mbu. Mafuta yake mara nyingi huwa na eujeno, kemikali ile ile inayoipa karafuu harufu yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba mimea ya jenasi hii hupunguza mbu ndani ya nyumba. Hata hivyo, mwalimu asisitize kwamba kufukuza mbu si kutibu malaria: chandarua kiendelee kutumika, na mwenye homa apelekwe zahanati.

Zoezi

Kila mwanachuo atayarishe jedwali la kulinganisha kivumbasi, rehani na lantana kwa shina, jani, ua na tunda. Kisha alitumie katika mazoezi ya kufundisha, na aandike ni alama ipi iliyowawia wanafunzi vigumu kuiona, na kwa nini.