Mbwa Mkubwa Nyumbani: Kijitabu cha Kaya za Adu na Majirani Zao

Kibao cha "Mbwa Kali" hakikosekani kwenye malango ya Malindi, na siku hizi kinaonekana hata kwenye nyua za michongoma huko Adu. Mara nyingi nyuma yake hamna mbwa, ama yupo kijibwa cha kienyeji kimejilaza chini ya mkorosho, hakina habari. Lakini ziko nyumba ambazo kibao kinasema kweli. Mbwa wakubwa waliozoeleka kwenye majumba ya ufuoni na kwa kampuni za ulinzi, yaani German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, sasa wanafugwa pia na watu wa mashambani wenye zizi la mbuzi, duka ama ghala la kulinda. Kijitabu hiki ni cha nyumba hizo na cha majirani zao, maana meno ya mbwa hayaulizi nani mwenyewe na nani mpita njia.

Rottweiler dume aliyekomaa hufika kilo 50 hadi 60. Boerboel, aliyezalishwa na wakulima wa Afrika Kusini ili alinde mashamba yaliyo mbali na msaada, huweza kupita kilo 70. Mtoto wa miaka kumi ana kama kilo 30. Hesabu hiyo peke yake yatosha kumfanya mzazi asikubali mtoto amwongoze mbwa wa namna hiyo hadi silanga kunywa maji, hata kama wawili hao wamekua pamoja. Mbwa akiona ng'ombe wageni na kuamua kukimbia, kamba itamfuata yeye, na mtoto ataifuata kamba.

Kwa kaya nyingi za Adu, na hili lisemwe wazi, mbwa wa aina hiyo hahitajiki. Mwizi wa mbuzi hukimbizwa na kelele kabla hajafikiwa na meno. Mbwa wawili wa kienyeji wanaobweka fisi anaponusa zizi huifanya kazi hiyo kwa chakula kidogo, na miili yao imezoea jua na kupe wa huku. Mbwa wa kilo 50 huhitaji kama kalori 2,000 kwa siku, karibu sawa na mtu mzima, na ugali mtupu haumtoshi. Kilifi, kaunti yetu, imo katika orodha ya kaunti kame na nusu kame za Kenya. Mwaka ambao mahindi yamekauka shambani, anayepunguziwa chakula kwanza ni mbwa, na mbwa mwenye njaa huruka ua.

Kuna na mbung'o. Katika ranchi ya Galana, watafiti walichunguza kwa miaka ng'ombe aina ya Boran wa Waorma kwa sababu waliustahimili ugonjwa wa nagana kuliko Boran wengine. Mbwa wa kigeni hana kinga ya namna hiyo. Akiumwa na mbung'o aliyebeba vimelea vya nagana hupata homa, hukonda, na mara nyingi macho yake huingia ukungu mweupe. Asipotibiwa mapema hufa. Kupe nao humletea homa za damu. Anayemnunua mbwa wa namna hii na ajue kwamba daktari wa mifugo atakuwa mtu wa kupigiwa simu mara kwa mara.

Hayo ni maradhi ya mbwa. La kutisha zaidi ni lile analoweza kuwapa watu.

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15. Virusi huingia na mate kupitia jeraha, husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au kupita mwaka. Dalili zikishatokea, kama vile kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hakuna anayepona. Mahali penye malaria, hatari huongezeka, maana mtoto mwenye homa na degedege hudhaniwa kuwa na malaria ya kichwa. Ripoti ya watafiti wa Blantyre, Malawi, ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba hilo hutokea kweli. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto hospitali na amweleze daktari kama mtoto aliwahi kuumwa na mbwa, hata ikiwa ni miezi mingi iliyopita na kidonda kimeshapona.

Hata hivyo, ugonjwa huu usiotibika unazuilika karibu kabisa, na kazi huanzia pale pale uani. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Mtu wa Adu atauliza: maji yanayotiririka yatoke wapi, na bomba hakuna? Dumu la lita 20 latosha. Mmoja amimine taratibu kwa kata, mwingine asugue kwa sabuni, hata ya kufulia. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya sabuni isitoe povu jingi, lakini yatumike vivyo hivyo. Kusubiri maji matamu ni kuvipa virusi nafasi. Pilipili, majivu, mafuta ya taa, kahawa na maji ya betri visiguse kidonda. Kisha safari ya kituo cha afya ianze siku hiyo hiyo.

Kabla ya kupanda bodaboda, piga simu ama mwombe mhudumu wa afya ya jamii aulize ni kituo gani kina chanjo wakati huo, maana si kila zahanati huiweka. Ratiba inayotumika sana ni ya sindano tano: siku ya kwanza, ambayo wahudumu huihesabu kama siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Vituo vingine hufuata ratiba fupi zaidi. Jeraha lililotoboa ngozi huhitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kulizunguka jeraha lenyewe, na daktari ataangalia kama mgonjwa anahitaji sindano ya pepopunda. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimefunga na nauli ya Malindi imewashinda. Ndugu na wachangie nauli. Kidonda kufunga hakuna maana yoyote hapa.

Na mbwa aliyeuma? Vijana huchukua rungu. Wasifanye haraka. Mbwa akiwa hai na akiweza kufungwa salama, atazamwe siku 10. Akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi alipouma. Kumtazama mbwa hakuahirishi sindano za mtu. Daktari ndiye atakayesema ziendelee au zikome. Akifa, ama ikibidi auawe, kichwa kisipondwe, kwa kuwa kipimo hufanywa kwenye ubongo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu. Afisa wa mifugo ndiye atakayechukua sampuli, na Kilifi ina bahati kwamba maabara ya mifugo ya eneo hili iko Mariakani, ndani ya kaunti.

Mbwa huchanjwa anapofika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Mwenye Rottweiler aliyechanjwa ambaye jirani zake wana mbwa kumi wasiochanjwa bado yumo hatarini, hivyo ni busara awahimize wote siku ya chanjo ikitangazwa, na hata kuwasaidia kuwafikisha mbwa wao.

Kuhusu ukali, kuna imani kwamba mbwa afungwe mnyororo mchana kutwa ili "awe moto" usiku. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu na wasiouma: waliofungwa mnyororo uani walikuwa na uwezekano wa kuuma mara 2.8 zaidi, na madume yasiyohasiwa yaliongoza pia. Mnyororo hutengeneza mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia, na mtoto wa jirani anayefuata mpira ndiye hulipa. Banda lenye uzio imara, kivuli na maji, matembezi kila siku mkononi mwa mtu mzima, na kuhasiwa: hayo hulinda kuliko mnyororo. Asiye na uwezo wa kujenga uzio hana uwezo wa kufuga Boerboel.

Usiku mbwa huachiliwa. Asubuhi ndipo penye matatizo. Watu huenda msikitini Alfajiri, na watoto wa shule hupita njiani kabla giza halijatawanyika vizuri. Mbwa awe ameshafungiwa bandani kabla ya adhana. Wanazuoni wa Kiislamu wameruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba na wa kuwinda, lakini katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani anayelalamika kwamba mbwa amelamba ndoo yake kisimani ana haki, kwa dini na kwa afya vilevile.

Watoto wafundishwe mapema: mbwa anayekula, anayelala au mwenye vitoto haguswi. Mbwa mgeni akikujia, simama kama mti, mikono chini, usimkazie macho. Akikuangusha, jikunje na ufunike shingo na masikio. Mtoto mchanga asiachwe na mbwa mkubwa hata dakika moja, awe mpole kiasi gani.

Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na maini au mapafu yenye vifuko vya maji asitupiwe kamwe. Ndivyo minyoo ya hidatidi ilivyosambaa Turkana. Funza nao huingia kwenye nyayo za mbwa kama za watu, kwa hiyo familia inayotibiwa funza imtibu na mbwa wake.

Tuje kwenye sheria, ambayo wengi huiona ya mjini tu. Kanuni ambayo mahakama za Kenya zilirithi kutoka Uingereza ni kwamba mwenye mnyama aliyejua kuwa mnyama wake ni hatari huwajibika kwa madhara yake. Kibao cha "Mbwa Kali" kinaweza kugeuka ushahidi kwamba alijua.

Anayeona mbwa amemshinda asimwache kando ya barabara ya Marafa wala asimpe kijana wa jirani kama zawadi. Aende kwa afisa wa mifugo, ama kwa KSPCA, shirika la ustawi wa wanyama lililoanza 1910 na lenye tawi Mombasa, na aeleze ukweli wote kuhusu mbwa huyo, pamoja na watu aliokwisha kuwauma.