Rimu Pana Nyuma: Ulipima Gari Likiwa Tupu?

Leo tunaingia gereji. Wapo wenzetu wanaoshusha Mark X zao kwa springi fupi, halafu wanatafuta rimu za nyuma zilizo pana kuliko za mbele. Gari linapendeza, hilo sibishi. Ila nina swali: ulipima likiwa tupu au likiwa na watu?

Maana gari tupu linadanganya. Limesimama pale gereji, kati ya tairi na fenda kidole kinapita, na fundi anakwambia, "Limekaa hilo!" Jumamosi wanapanda watatu kiti cha nyuma, mnaenda harusini, mnakutana na bonde barabarani. Springi zinajikunja, fenda inashukia tairi. Ukingo wa fenda ni bati, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa bati hilo linakata ubavu wa tairi kidogo kidogo mpaka siku lipasuke. Aristotle angesema huko kugusana kulikuwepo tayari kwa uwezekano, kulikuwa kunasubiri abiria tu.

Basi, shusha gari kwanza, rimu zinunue baadaye. Gari likishuka, mara nyingi sehemu ya juu ya tairi huanza kulala kuelekea ndani, kwa hiyo nafasi uliyopima mwanzo si ile tena. Peleka likapangwe miguu, ndipo upime.

Sasa namba. Mark X ina nati tano, 5x114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu za dukani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi; tafuta pete za kuziba hiyo nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka. Halafu kuna ofseti, inayoandikwa ET, na hii ndiyo inayowachanganya wengi. Ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapobana kwenye habu. ET ikipungua, rimu inatoka nje. Tuseme una rimu ya inchi 8 yenye ET45 na unataka ya inchi 9.5 yenye ET38. Upana ulioongezeka ni milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti imepungua 7. Kwa hiyo upande wa nje inasogea milimita 26, na wa ndani 12. Kile kidole chako kimeshakwisha.

Kwenye tairi, angalia kimo, usiangalie upana peke yake. Mbele 225/45R18 ina kimo cha milimita 660 hivi, nyuma 255/40R18 ina 661. Hapo sawa. Ukiweka 255/45R18 nyuma unafika karibu 687, na mfumo wa ABS, unaosoma mwendo wa kila gurudumu, unaweza kuchanganyikiwa. Zipo pia Mark X zinazovuta magurudumu yote manne. Kwa hizo ushauri wangu ni mfupi: weka rimu na tairi sawa zote nne. Vimo vikitofautiana, mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi bila kupumzika, na kuutengeneza ni gharama kuliko rimu zenyewe.

Kabla hujalipa, omba kujaribu. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa fenda, pakia rafiki zako watatu nyuma (wanene ndio wazuri zaidi kwa kazi hii), pita taratibu juu ya tuta, kisha rudi nyuma huku umekata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Chaki ikifutika, rimu hizo si zako. Usikubali fundi akuambie "litazoea".

Nati nazo. Rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye kichwa cha mchongoko. Ukifunga zile za zamani, zinaonekana zimekaza kumbe hazijakaa. Nunua mpya, kaza kwa kuvuka kama unachora nyota, takriban Nm 103, na baada ya kilomita 100 hivi zikague tena. Na jua kabisa kwamba tairi za nyuma hutaweza kuzihamishia mbele zikianza kuisha, kwa hiyo bei ya jozi ya nyuma iulizie leo hii.