SOMO LA KUJITEGEMEA: MATUTA MANNE YA MCHICHA



Wengi wetu tulipokuja mjini tulidhani jembe tumeliacha kijijini. Lakini mjini kila kitu ni cha kununua, hata jani la mboga. Ndiyo maana hapa Dar es Salaam mchicha na matembele hulimwa mabondeni na nyuma ya nyumba. Kilimo chenyewe si kosa: kanuni za mwaka 1992 zilikiruhusu mjini, kwa kikomo cha eka 3 kwa mtu mmoja.

Tuanze na hesabu. Mchicha huwa tayari wiki 3 hadi 4 baada ya kusia mbegu. Mwenye tuta moja kubwa huuza mara moja, kisha hungoja mwezi mzima. Basi ligawe liwe matuta 4, usie moja kila wiki. Wiki ya 5 utavuna la kwanza na kulisia tena. Tangu hapo kila wiki una cha kuuza. Kodi ya chumba na daftari la mtoto havingoji msimu.

Matembele hayahitaji mbegu: panda marando, chuma majani, nayo yatachipua tena. Asiye na uwanja ajaze gunia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, aweke mawe katikati ili maji yashuke, kisha atoboe ubavuni na kupanda sukuma wiki.

Sasa jambo zito, nalo ni maji. Nilipostaafu ualimu, pensheni haikutosha, nikalima mchicha. Matuta ya kuuza yalikuwa kando ya mtaro, nikayamwagilia maji ya mtaro. Tuta la kula sisi lilikuwa karibu na bomba. Siku moja mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, mbona ule mwingine hatuli?" Nimefundisha watoto miaka mingi, lakini swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nikimuuzia jirani kitu nisichokubali kukitia chunguni mwangu.

Watafiti wamekuta madini ya risasi katika mboga za bonde la Msimbazi. Madini hayo yakiisha kuingia ndani ya jani, hayatoki kwa kuoshwa wala kupikwa. Nayo hudhuru zaidi akili za watoto wadogo.

Niliyaacha matuta ya mtaroni. Leo ninalima kidogo, kwa maji ya kisima na ya mvua niliyokinga katika pipa. Faida imepungua, lakini mboga ni moja, kwangu na kwa mnunuzi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Uwanja wetu unaweza kupata matuta au magunia mangapi?
2. Maji tunayomwagilia yanatoka wapi?
3. Je, tunachouza, sisi wenyewe tungekila?

Mwenye kujibu la tatu bila kusita, na ashike jembe.