Tohara Hupunguza Hatari, Haiimalizi: Kijitabu cha Familia za Kibera na Kawangware

Baba, mama, na wewe kijana unayefikiria kutahiriwa, kijitabu hiki ni chenu nyote. Kisomeni pamoja. Mwili ni wa mmoja, lakini uangalizi wake ni wa nyumba nzima.

Tulijuaje kwamba tohara husaidia?

Kuanzia 2002, vijana 2,784 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walijiunga na utafiti. Kwa kura, nusu yao walitahiriwa mapema na nusu wakaombwa kusubiri miaka miwili. Wote walipewa ushauri na kondomu. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa jibu lilikuwa wazi: katika kundi lililosubiri, 47 walikuwa wameambukizwa virusi vya ukimwi, na katika kundi la tohara, 22.

Utafiti wa Orange Farm, Afrika Kusini, na ule wa Rakai, Uganda, ulileta majibu kama hayo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya kitabibu, kwa kuwa hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kenya ilianza mpango wake 2008, Nyanza ikitangulia.

Ishikeni hiyo 22. Ni chini ya nusu ya 47, lakini ni vijana 22.

Kwa nini govi?

Upande wa ndani wa govi ni mwororo na wenye unyevu. Huchubuka upesi, na una chembe nyingi ambazo virusi huzivamia. Likiondolewa, njia kubwa ya virusi huzibwa. Njia nyingine hubaki wazi, hasa mtu akiwa na vidonda vya magonjwa ya zinaa.

Tohara haifanyi nini?

- Haimkingi mke moja kwa moja. Mume mwenye virusi ambaye hatumii dawa anaweza kumwambukiza hata akiwa ametahiriwa.
- Haizuii kisonono, kaswende wala mimba.
- Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa.

Je, ni kuacha mila?

Waluo wengi wa Kibera wana wazee walioingia utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya chini, si kwa kutahiriwa. Tohara hii ni huduma ya afya. Haimbadilishi mtu kabila, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwenzake. Kijana aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na ridhaa yake mwenyewe pia.

Kwa familia zenye desturi ya jando, kisu kimoja kisitumike kwa vijana wawili. Mpelekeni kijana kwa mhudumu aliyefunzwa, kisha sherehe iendelee.

Siku yenyewe

Utapewa ushauri, utapimwa virusi ukikubali, na utachunguzwa. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Utadungwa dawa ya ganzi, na upasuaji huchukua kama nusu saa. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Rudi kituoni baada ya siku mbili, kisha siku ya saba, hata kama huna maumivu.

Wiki sita za kupona

Kidonda hukauka juu kabla ya kupona ndani. Ukikutana na mwanamke mapema, virusi hupata njia: kuingia kwako kama huna, au kumfikia yeye kama unavyo. Kwa hiyo, ngoja wiki sita kamili, bila kujichua pia.

- Weka kidonda kikavu, na uvae chupi safi.
- Usipake majivu, mafuta wala dawa ya mitishamba.
- Pumzika siku kadhaa kabla ya kurudi mjengoni, kwenye mkokoteni au bodaboda.
- Rudi kituoni mara moja, hata usiku, ukiona damu isiyokoma, usaha, uvimbe unaozidi au homa, au ukishindwa kukojoa.

Wanaoishi chumba kimoja na kulala kitanda kimoja waongee kabla ya siku ya upasuaji:

"Baba Achieng, daktari alisema wiki ngapi?"

"Sita, Mama Achieng. Nikijisahau, nikumbushe."

Huenda ukauliza: "Nishatahiriwa, mpira wa nini?"

Jibu ni wale 22 waliotahiriwa na bado wakaambukizwa. Vijana wa Kisumu walishauriwa, na waliotahiriwa hawakuonekana kuzidisha tabia hatari kuliko wenzao. Basi hata wewe unaweza kutahiriwa na ukaendelea kujichunga. Tumia kondomu kila mara. Punguza wapenzi, kwa kuwa mpango wa kando huingiza nyumbani hatari ambayo mwenzako hakuichagua. Pombe ikizidi, mpira husahaulika mfukoni.

Kuna kinga nyingine pia. Asiye na virusi lakini aliye katika hatari anaweza kupewa tembe za PrEP. Ukihofia kwamba umeambukizwa, kwa mfano mpira ukipasuka au baada ya kubakwa, fika kituoni mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita, upewe dawa za dharura. Naye mwenye virusi anayemeza dawa za ARV kila siku, hadi kipimo kisionyeshe virusi kwenye damu, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Anzeni hapa

Mwulizeni mhudumu wa afya wa mtaani mwenu, au fikeni kituo cha Kibera South, Riruta au Hospitali ya Mbagathi, mwelezwe huduma inapatikana wapi na siku gani. Nendeni wawili, mke na mume, mkapimwe pamoja. Mke akiyasikia mashauri kwa masikio yake mwenyewe, zile wiki sita zitakuwa na walinzi wawili.