Dondoo muhimu: Kengele au honi ya baiskeli?

Kabla ya kulipia kengele, ipige hapo hapo dukani. Kengele nzuri ikiguswa mara moja huendelea kulia kidogo ndipo sauti ififie; ile inayosema "ko!" na kunyamaza, mrudishie mwenyewe. Kisha bana kifuniko chake kwa vidole, upige tena. Imekufa? Ndivyo itakavyokuwa fundi akiifunga ikagusa waya wa breki, na kosa hilo nimelikuta mara nyingi kuliko kengele mbovu.

Angalia na unene wa usukani. Upande wa mipini kwa kawaida ni milimita 22.2, lakini katikati baiskeli nyingi za kisasa hufika 31.8, na bangili ya kengele ya bei rahisi haizunguki. Ifunge pale kidole gumba kinapofika bila kuachia breki.

Honi ya mpira ya kubinya watoto huipenda, ila jua huupasua mpira. Honi ya betri ni ya barabara kuu, kwenye malori na madereva waliofunga vioo. Vichochoroni Mji Mkongwe ni ufidhuli tu: mzee aliyekaa barazani atashtuka amwage kahawa yake. Huko kengele yatosha.

Wa pwani, chukueni ya shaba. Chuma kilichopakwa kromu hakiwezani na hewa ya chumvi. Hata hiyo ya shaba, springi ya ndani ndiyo hutangulia kushika kutu, kwa hiyo idondoshee mafuta ya cherehani mara kwa mara. Ya kupikia hapana, yananasa vumbi.