Mfunze mtoto mchaguzi kupika vyakula vya mataifa

Wazazi wengi huja kwa daktari na mtoto wa miaka minne au mitano wakilalamika kwamba hali chochote ila chapati na chai. Nikimtazama viganja, mara nyingi huwa vimepauka: damu imepungua. Nyumbani keshakemewa, hata kuchapwa, na ukaidi umezidi.

Mpeleke jikoni badala yake. Anza na hiyo chapati anayoipenda. Mweleze kwamba asili yake ni India, walikotoka vibarua wengi waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Huko huliwa na mchuzi mzito wa dengu au kamande, na wengi huukamulia ndimu. Ndimu hiyo si ya ladha tu. Madini ya chuma yaliyo katika nafaka na kunde hayaingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C huyasaidia, ilhali chai huyazuia. Basi chai na ingoje saa moja baada ya chakula.

Siku nyingine safirini hadi Ethiopia. Wenzetu hao hukoroga unga wa tefu, wakauacha siku mbili tatu uchachuke kabla ya kuoka injera. Kule kuchachuka hupunguza vitu vinavyoshikilia chuma. Ukikosa tefu, tumia unga wa mtama, kwani hata huko hutumiwa. Huliwa katika sinia moja, na mtu humlisha mwenziwe tonge mdomoni kwa heshima. Mtoto aliyekataa sahani yake aghalabu hulikubali tonge la nduguye, mradi mikono imeoshwa kwa sabuni. Wako watakaoona ni deko. Mimi naona ni afadhali kuliko kiboko.

Akitema mara ya kwanza, usikate tamaa. Huenda akahitaji kuonja mara kumi au zaidi. Mpe kazi ya kuchambua dengu, kukanda unga na kukamua ndimu, lakini asikaribie jiko wala mafuta ya moto. Chakula kigeni kianze kwa kiasi kidogo. Midomo ikivimba au akipumua kwa shida, mkimbize hospitalini.

Na ikiwa viganja vimepauka, anachoka upesi au anakula udongo, usingojee mapishi. Apimwe damu, kwa maana malaria na minyoo pia huipunguza, nayo hayatibiwi kwa dengu.