Mti wa Kinara: Kuupanda na Kuutunza



Tangu yaanze mazungumzo ya kuzungushia kiwanja cha kanisa ua wa kudumu, tumeulizwa mara nyingi habari za ule mti mrefu usio na majani, wenye matawi yaliyosimama wima kama kinara cha taa. Wengi huuita kakati. Kwa kuwa mti huu una faida na pia una hatari, tumeona vema tuufanyie somo.

Kwanza tusahihishe jina. Kakati za kweli, yaani dungusi, asili yake ni bara la Amerika. Ni aina moja tu inayomea yenyewe Afrika, nayo ni ndogo, huning'inia juu ya miti mingine. Huu wetu, unaoonekana pia juu ya miamba ya Serengeti na kwa wingi sana karibu na Ziwa Nakuru nchini Kenya, ni euforbia. Wataalamu huuita Euphorbia candelabrum, na hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake kinara. Kuutambua si kazi. Miiba ya dungusi hutoka mingi pamoja katika kidoa chenye manyoya. Ya euforbia hukaa miwili miwili. Tena euforbia ikikatwa hutoa maziwa meupe. Ni jamaa ya muhogo na mbarika. Hapo msomaji wa Biblia atakumbuka mmea uliomtilia Yona kivuli: Biblia yetu yasema mtango, lakini wafasiri wengi hudhani ulikuwa mbarika.

Mti huu hufanana na dungusi kwa sababu yote miwili imezoea ukame. Maji huwekwa ndani ya shina, rangi ya kijani ya shina hufanya kazi ya majani, na vitundu vya hewa hufunguliwa usiku, jua likiwa halipo la kuunyang'anya maji.

Kupanda ni kwa matawi. Kata wakati wa kiangazi, mahali tawi linapokaza kama kifundo, kipande chenye urefu wa mkono. Mwagia maji pale palipokatwa mpaka maziwa yakome. Kisha usipande! Laza kipande kivulini majuma mawili au zaidi, hata kidonda kikauke na kuwa kigumu. Wengi hushindwa hapa kwa haraka yao; kipande kibichi kikiingia udongoni huoza. Huku kwetu Tarime mvua si haba, basi adui wa mti huu si kiu bali ni maji yanayotuama. Chagua mteremko, au inua tuta, na uchanganye udongo na mchanga na vijiwe. Fukia kiasi cha shibiri moja, weka mti wa kuegemeza, usimwagilie majuma mawili ya kwanza. Baada ya hapo maji kidogo, udongo ukikauka kabisa. Mbolea nyingi huulegeza. Usiupande karibu na nyumba, maana mti mkubwa hufika mita 12 na matawi yake ni mazito.

Sasa hatari. Maziwa yake huunguza ngozi, na yakiingia jichoni yaweza kupofusha. Sisi wenyewe, tulipokuwa tukifundisha, tulikata matawi haya pamoja na wanafunzi bila kufunika macho. Tone moja liliturukia. Mzee mmoja akashauri tutie maziwa ya mama anayenyonyesha, nasi tukakubali, tukapoteza saa nzima. Usiku ule hatukulala, na siku tatu hatukuweza kusoma. Ilitupasa kuosha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda wa dakika 20 au zaidi, kisha kwenda hospitali bila kutia dawa yoyote ya nyumbani. Anayekata na avae miwani, glavu na mikono mirefu, asimame upande upepo unakotoka, wala asijifute uso.

Basi ushauri wetu kwa kamati ya ujenzi ni huu: upande wa barabara, ambako mbuzi huingia, euforbia yafaa, kwa nafasi ya nusu mita kati ya kipande na kipande. Upande wa uwanja wanakochezea watoto wa shule ya Jumapili, pandeni michongoma.